Bwana Afya Ndani ya Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Simu ya saa moja jioni imekuja kwa wakati wake. Dakika tisa! Jana zilikuwa saba. Mke wangu bado anamuuguza mama yake. Mwezi wa saba huu, tangu mama mkwe ateleze bafuni akavunjika nyonga. Anasema mgonjwa sasa anatembea kwa mkongojo hadi mlangoni na kurudi. Nikafurahi. Nikauliza, kwa hiyo lini? Akasema bado kidogo. Akauliza samaki.

Kila siku anauliza samaki. Wamekula? Maji yakoje? Bi Harusi hajambo? Bi Harusi ni yule wa rangi ya chungwa mwenye mkia mrefu kama shela. Ndiye kipenzi chake. Nami hujibu kwa ufasaha kuliko msoma taarifa ya habari. Maji safi! Kioo kinang'aa! Bi Harusi anakusalimu sana!

Uongo mtupu. Kioo kimeota kijani kuanzia chini hadi juu. Samaki siwaoni tena, naona vivuli tu vikipita kama majirani nyuma ya pazia. Lakini hayo hayafai kusemwa kwenye simu.

Leo ameongeza neno. Anakuja Jumapili! Siku mbili tu, halafu anarudi kwa mama. Moyo uliniruka. Kabla haujatua akasema kaka yake amemshauri tangi lihamishiwe kwake, maana huko kuna mtu wa kulitunza. Akasema hajaamua. Ataliona kwanza kwa macho yake.

Hili naliandika kwa herufi kubwa ili nisijidanganye. TANGI LIKIENDA KWA SHEMEJI, SIMU YA SAA MOJA INAKWENDA NALO. Atampigia nani kuuliza samaki? Shemeji! Mimi nitapigiwa mara moja moja, kama fundi wa friji.

Na tangi hilo nimelitengeneza mimi. Fundi vioo ni mimi, miaka ishirini na mbili sokoni. Nilikata vioo vitano vya milimita nane mwaka tuliohamia nyumba hii, nikaunganisha kwa silikoni, halijawahi kuvuja tone. Alilipokea kama mtu aliyepewa shamba. Akaliweka dirishani, akatundika taa juu yake, akasema sasa nyumba ina roho.

Nina siku sita. Kusugua? Hapana. Kusugua ni kazi ya mtu aliyeshindwa kufikiri. Halafu kitambaa cha mke wangu cha kusugulia, kile cha bluu, kiko pale pembeni ya tangi, kimekunjwa vilevile alivyokikunja siku anaondoka. Kile sikigusi.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga kazi mapema. Nimekwenda kwa Mama Mapezi, muuza samaki wa mapambo, duka lake liko kati ya fundi cherehani na duka la rangi. Kuta tatu za matangi, zote zinanguruma. Vioo vyake safi mno, hadi nikaona aibu ya kitaalamu.

Nikamwambia nina rafiki ambaye tangi lake limeota mwani. Akanitazama. Akauliza, taa ya huyo rafiki inawaka kwa muda gani? Nikasema muda kidogo. Anawalisha mara ngapi? Nikasema kidogo pia. Akasema basi huyo rafiki yangu ni mwongo, maana mwani hauoti kwa kidogo na kidogo.

Akanionyesha samaki mla mwani. Wa kijivu, mwembamba, mdomo uko chini ya uso kama mpira wa kuzibulia sinki. Anang'ang'ania kioo na kulamba. Anafanya kazi siku nzima, hadai chochote! Nikajua nimepata mtu wangu. Nimempa jina la Bwana Afya.

Mama Mapezi hakukubali kunifungia samaki kabla hajamaliza hotuba. Kwamba huyu si mtumishi wa ndani. Kwamba atapunguza ule mwani laini wa juu, ule mgumu utabaki. Kwamba nizime taa, niwaachie saa chache tu za mchana. Niwalishe mara moja. Nifute kioo kwa mkono wangu. Na kubwa kuliko yote, huyu nisimlishe chakula cha wenzake, akikizoea ataacha kazi. Nikaitikia kila neno kwa kichwa. Nikaondoka na samaki, ushauri nikauacha dukani.

Taa siwezi kuzima. Ngoja niandike sababu, hakuna anayesoma humu. Taa ile haijazimwa tangu aondoke. Nikirudi kazini, kuanzia kona ya barabara naliona dirisha lina mwanga. Kutoka kona hadi mlangoni ni hatua arobaini, nimezihesabu. Kwa hatua arobaini nyumba yangu ina mtu. Nikishafungua mlango ndipo inakuwa haina.

Na chakula? Nawalisha asubuhi, mchana, na tena saa moja kasoro dakika tano, ili akiuliza kama wamekula niseme sasa hivi tu, na sauti yangu iwe na ukweli.

Jioni Bwana Afya ameanza kazi! Amepanda kioo, amelamba, ameacha njia safi yenye upana wa kidole. Nimechungulia kwenye njia hiyo. Jicho la Bi Harusi likanichungulia kutoka upande wa pili. Hatujaonana siku nyingi. Simu, dakika nane.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Afya ameongeza njia mbili asubuhi. Nilimtazama nikiwa na kikombe cha chai. Roho ikaniuma. Wenzake wanaelea, wanapewa chakula mdomoni, yeye anasota ukutani. Si haki! Nikamwangushia fungu lake mwenyewe kule chini. Akala. Nikaongeza. Akala. Tuliagana vizuri.

Mchana nimemkuta amelala juu ya jiwe, tumbo limejaa, kama mtu aliyepandishwa cheo. Nimegonga kioo. Hakugeuka. Nimempa kidogo tena kumtia moyo. Alikuja mbio kula, akarudi kwenye jiwe.

Saa kumi, hodi! Shemeji. Kaka wa mke wangu ni mkaguzi wa mizani sokoni na hajui kuacha kazi kazini. Anatembea na daftari, tochi na utepe wa kupimia. Akamulika tangi. Akaandika. Akauliza kwa upole kabisa kama humu nafuga samaki au nimeotesha mboga.

Nikamwambia ni tiba mpya ya maji, kwanza yanachafuka ndipo yanatakata. Akaandika na hilo. Kisha akatoa utepe, akapima tangi urefu na kina, akatabasamu peke yake. Akasema sebuleni kwake litabakiza sentimita mbili kila upande. Ameshapima ukuta! Mtu ameshapima ukuta kabla dada yake hajaamua!

Akanywa chai yangu vikombe viwili na kusifu sukari. Alipoaga alinishika bega akasema anajua ni kazi ngumu kwa mwanamume aliye peke yake. Ningeweza kustahimili dharau. Huruma ya shemeji siiwezi.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu ameomba picha. Asubuhi, kwa ujumbe. Anataka kumwona Bi Harusi kabla hajasafiri.

Nimekaa dukani nikishika tama mbele ya mteja. Kisha hila ikanishukia, nzuri, kamili, bila mshono. Shemeji ana tangi. Tangi la shemeji linang'aa. Picha ni picha!

Saa kumi nikaenda kwake na uso wa mwanafunzi. Nikasema nimekuja kuomba ushauri. Alifurahi hadi akavua shati, akabaki na fulana, akaenda chumbani kuleta daftari la takwimu za maji yake. Mimi huku, chap, picha moja. Nikaituma palepale. Nikaandika chini yake, matunda ya jasho langu.

Saa moja simu imelia. Hakusalimu. Akauliza yule mtu mwenye fulana na utepe ni nani.

Mtu gani? Nikafungua picha. Mungu wangu! Ndani ya kioo, juu ya samaki, amesimama shemeji mzimamzima mlangoni, na nyuma yake kalenda ya idara ya vipimo. Kioo kimemrudisha! Miaka ishirini na mbili nawaambia wateja kioo safi hakina siri, na mimi ndiye niliyesahau. Changu kisingefanya hivyo. Changu hakirudishi hata mwanga.

Nikasema shemeji alikuwa amekuja kututembelea. Akauliza, na kalenda? Nikasema ameniletea zawadi. Akauliza tangu lini Bi Harusi amekuwa mweusi. Nikasema mtandao unakatika. Nikakata.

Dakika mbili. Miezi saba sijawahi kukata simu mimi. Nikabaki na simu mkononi, naiangalia, naiomba ilie tena ili niseme mtandao umerudi. Haikulia. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna kurudi nyuma. Kama mmoja amelemewa, waje wengi.

Mama Mapezi alikataa. Akasema tangi la nyumbani halibebi samaki wengi hivyo, watachafua kuliko watakavyosafisha. Nikamwambia si la nyumbani, ni la mkubwa fulani, tangi refu kama gari. Akaniuliza mkubwa gani. Nikasema sina ruhusa ya kumtaja. Akanifungia watano kwenye mfuko wa maji, huku akitingisha kichwa.

Nimewaita Kamati ya Usafi. Mwenyekiti, Bwana Afya. Nimewaweka saa sita mchana. Saa nane walikuwa wamekusanyika kona moja, wamegeukiana, hakuna anayefanya lolote. Kamati kweli.

Nilidhani wana njaa. Nimewalisha.

Jioni maji yamebadilika rangi. Kumbe kila kinachoingia mdomoni kina mahali kinapotokea! Nyuzi ndefu zinaning'inia nyuma ya kila mjumbe, zinakatika, zinaelea. Ile njia safi ya Jumanne, nilipokuwa nachungulia jicho la Bi Harusi, imefunikwa tena. Sina pa kuchungulia.

Saa moja nimekaa kwenye kiti. Saa moja na robo. Na nusu. Simu haikulia. Nikaangalia kama ina chaji. Ina chaji. Saa mbili kasoro ujumbe umeingia: safari iko palepale, nitafika Jumapili saa nne. Basi. Hakuuliza samaki.

Miezi saba nimekuwa nikijiambia kwamba nimezoea. Sijazoea kitu. Upande wake wa kitanda naupita kama nyumba ya watu.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba umekaribia! Asubuhi nimemwaga chakula, Bi Harusi hakuja juu. Nikaweka shavu kwenye kioo, nikaona kivuli kimoja chenye vichwa viwili. Bwana Afya amemng'ang'ania ubavuni! Analamba! Bi Harusi anakwenda kulia, anakwenda kushoto, jamaa kaganda kama stempu.

Nilimfukuza kwa chujio la chai. Maji sakafuni, kikombe chini, mikono hadi mabegani ndani ya uji ule. Nimempata baada ya robo saa. Nimemtia kwenye karai la kufulia. Nikampigia Mama Mapezi nikihema. Akauliza, umemlisha? Nikasema kidogo. Akasema umemfundisha kula bila kazi, sasa anatafuta kilicho laini na kitamu kuliko mwani, na ngozi ya samaki mwenzake ina utelezi mtamu. Akasema niwatoe wote, na nimsalimie mkubwa fulani.

Kamati nzima imo ndani ya karai. Bi Harusi ana doa jeupe ubavuni, saizi ya kifungo cha shati. Nikapiga magoti mbele ya tangi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia wewe ukifa nitamwambia nini mke wangu? Nikamwambia nyumba hii bila yeye ni chumba cha kuwekea viatu. Nikamwambia nina hamu naye hadi usingizi unanipita kando. Samaki hakujibu. Lakini nilikuwa sijawahi kuyatamka maneno hayo kwa sauti, na yalinitoka bila kukwama hata moja.

Sasa ya kesho. Dukani nina kioo cha kujitazamia, kikubwa, kinyozi amekiagiza cha mita moja na nusu, anakichukua Jumatatu. Tangi lina mita moja na sentimita ishirini. Nimekata. Nimekileta nyumbani na kukiegemeza mbele ya tangi, kimeziba kila kitu. Mke wangu ataingia, hataona kijani, atajiona mwenyewe! Na hakuna kitu kizuri kuliko hicho humu ndani. Nitasema ni mtindo mpya.

Simu haikulia leo pia. Nimepiga pasi shati, nimeliunguza kola.

Jumapili, 9 Machi

Amefika.

Amekonda. Mkoba mmoja begani, mikono imechakaa kwa kunyanyua mgonjwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumpokea. Nikasema karibu, kama anayeuza dukani. Nyuma yake shemeji, na nyuma ya shemeji mkokoteni na mablanketi mawili ya kufungia tangi.

Akaingia sebuleni. Akasimama mbele ya kioo. Alijiona. Akagusa nywele zake kidogo pembeni, zimeingia mvi ambazo sikuwa nazijua. Halafu akaniona mimi nyuma yake, na kola yangu iliyoungua. Tukatazamana mle ndani. Miezi saba hatujakaa wawili kwenye kioo kimoja. Nilisahau tangi, nilisahau hila, nilisahau hata kuvuta pumzi.

Shemeji akanyanyua kioo, akakiweka kando. Alikishika vizuri, kingo zote mbili, lazima nikiri.

Tangi lote kijani, kama ukuta wa kisima. Hapo Bwana Afya akaruka kwenye karai, maji yakamwagika kwenye kiatu cha shemeji. Mke wangu akatazama karai. Akatazama Kamati. Akauliza hawa ni nani. Nikasema ni Kamati ya Usafi.

Alianza kucheka polepole. Kisha akacheka hadi akakaa chini, sakafuni, na mkoba begani. Alicheka hadi machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Akamwambia kaka yake asante kaka, rudi na mkokoteni, tangi linabaki. Shemeji akaeleza habari za sentimita mbili. Akamwambia kaka, rudi.

Tulipobaki wawili akavua viatu, akazima taa ya tangi, akachukua kitambaa cha bluu. Nikaruka, nikamshika mkono. Nikasema usikikunjue. Akauliza kwa nini. Nikasema ulikikunja wewe. Akaniomba nirudie nilichosema. Nikasema hamna, ni kitambaa tu, ni chako.

Akakikunjua. Akasugua. Nilimtekea maji, nikamwaga ndoo. Kioo kikawa safi ndani ya dakika ishirini. Dakika ishirini! Bi Harusi akaja mbele na doa lake, akasimama mbele ya uso wa mke wangu, mkia unapepea.

Akasema alikuwa anajua. Tangu mwezi wa pili wa kuondoka kwake. Shemeji alikuwa akipita dirishani kila wiki na kumtumia picha. Nikauliza, sasa kila siku ulikuwa unauliza samaki wa nini? Akasema, mume wangu, nikikuuliza habari zako unasema nzuri, halafu kimya. Nikikuuliza samaki unaongea dakika tisa. Akasema huwa anaweka simu sikioni na kufumba macho. Uongo au ukweli, ilikuwa sauti ya nyumbani kwake.

Nikaenda kuosha ndoo ambayo ilikuwa safi.

Jumatatu, 10 Machi

Tumewarudisha wajumbe kwa Mama Mapezi, wote isipokuwa mmoja mdogo, ambaye tumekubaliana hakuna wa kumlisha. Mama Mapezi alimtazama mke wangu, akamuuliza kama ndiye mkubwa fulani. Mke wangu akasema ndiye.

Kinyozi alichukua kioo chake asubuhi, mchana amekirudisha dukani mgongoni. Analalamika wateja wakikaa kitini wanaona videvu tu. Nikamwambia ni mtindo mpya. Nitamkatia kingine, sina ugomvi na mtu leo.

Nyumba ina mtu. Nimesikia sufuria likigonga sufuria jikoni, nikasimama koridoni makusudi nisikie. Amenipa ahadi moja ya kushika, moja tu: akiniuliza habari zangu, nijibu. Nijibu kweli. Nikasema hilo dogo. Akasema mama akiweza kupanda ngazi mwenyewe atarudi moja kwa moja, labda miezi miwili. Na hataki kusikia taa inawaka.

Jumanne, 11 Machi

Ameondoka na basi la saa tatu. Nilibeba mkoba wake hadi ndani ya basi, nikakaa kwenye kiti cha jirani yake mpaka jirani mwenyewe alipokuja kukidai. Nilitaka kusema kitu. Nikamwambia funga dirisha, kuna vumbi.

Kitambaa cha bluu amekikunja upya. Nimekiangalia. Mkunjo ni uleule.

Jioni, kona ya barabara. Dirisha jeusi. Hatua arobaini, zote za mtu anayekwenda kwenye nyumba tupu.

Alhamisi, 13 Machi

Jana hakupiga, alikuwa na mgonjwa hospitali, kupima nyonga. Nimetumia siku mbili kujiandaa. Dukani nimejizoeza mbele ya vioo vyote. NINA HAMU NA WEWE. Fupi. Inatamkika. Niliiandika kiganjani kwa kalamu ya kuchoria vioo, ile isiyofutika.

Saa moja kamili imelia. Hakuuliza samaki. Akauliza, habari zako?

Nikatazama kiganja. Maneno manne, yanasomeka vizuri kabisa.

Nikasema nzuri.

Hakukata. Alikuwa ananingojea, nilisikia pumzi yake ikiningojea. Nikafungua mdomo na kusema maji yameanza kuwa kijani.

Akauliza, ndani ya siku mbili? Nikasema ndiyo, ajabu, hata mimi nimeshangaa. Kijani gani? Nikamweleza. Kinaanzia wapi? Nikamweleza kona kwa kona. Na yule mdogo halambi? Nikasema analamba lakini amezidiwa, na Bi Harusi naye anaonekana ana mawazo. Dakika kumi na moja! Haijawahi kutokea! Mwishoni akacheka kidogo, akashusha pumzi, akasema kama hali ni mbaya kiasi hicho itabidi aje mwisho wa mwezi aone mwenyewe.

Nimeweka simu chini. Nimeenda kulitazama tangi. Maji maangavu, mpaka nimeona mistari ya kucha zangu kwenye kioo, na nyuma yake Bi Harusi, doa lake limeanza kufutika.

Kisha nikawasha taa na kuongeza chakula, maana mke wangu simdanganyi.